KOMPYUTA ZA OFISI YA TAWI: TUBADILISHE AU TUNGOJE?



Tangu mwishoni mwa mwaka 2025, ofisi ya Kampala imekuwa ikipokea barua na simu kutoka matawi ya viwandani na ya mashambani, zote zikiuliza jambo moja. Wauzaji wa kompyuta wanapita katika ofisi za matawi na za SACCO wakisema kwamba kompyuta za zamani zimekufa, na kwamba asiyenunua mpya upesi atapoteza madaftari yote ya wanachama. Makatibu wengine wameshaandika bajeti. Wahazini wengine wamefunga sanduku na kukataa kutoa hata senti. Wanachama, ambao ndio wenye fedha, hawajaelezwa kitu.

Makala hii ni kwa ajili yao. Anayeiandika aliishia darasa la saba na hakusomea mitambo ya kompyuta; amewauliza mafundi, akasoma yaliyotangazwa na kampuni zenyewe, akapima. Jambo hili linaweza kueleweka na mtu yeyote anayejua jinsi trekta inavyofanya kazi au jinsi majani ya chai yanavyopita kiwandani. Haifai liachwe mikononi mwa fundi na mwenye duka peke yao.

FEDHA NI ZA NANI

Tuseme tawi lina kompyuta 6, na muuzaji anataka shilingi milioni 2 kwa kila moja. Jumla ni milioni 12. Ikiwa ada ya mwanachama ni shilingi 5,000 kwa mwezi, basi hiyo ni ada ya wanachama 2,400 kwa mwezi mzima. Mama anayechuma chai tangu alfajiri na kikapu mgongoni, na kijana anayepakia miwa juani, wote wamo katika hao 2,400. Hesabu hii ni ya mfano tu. Kila tawi liweke tarakimu zake, lakini liziweke, na zisomwe mbele ya mkutano kabla ya mtu yeyote kutia sahihi. Fedha hizo hizo ndizo zinazolipa wakili wa mfanyakazi aliyefukuzwa na nauli za wajumbe wanaokwenda kwenye majadiliano ya mishahara.

Kwa upande mwingine, daftari la SACCO likiharibika au likiibiwa, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya kompyuta sita. Kwa hivyo mhazini anayekataa kila kitu naye hajatusaidia.

PROSESA NI KITU GANI

Ndani ya kila kompyuta kuna kipande kidogo, hakizidi kiberiti kwa ukubwa, ambacho ndicho kinachofanya hesabu zote. Kinaitwa prosesa. Ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani ilikuwa Intel 4004, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1971, nayo ilikuwa na swichi ndogondogo zipatazo 2,300 ndani yake. Prosesa za leo zina mabilioni. Mwaka 1965 mmoja wa waanzilishi wa Intel, Gordon Moore, alikuwa ameshaona kwamba idadi ya swichi hizo ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 akarekebisha, akasema kila miaka miwili. Viwanda vimejenga biashara yao juu ya mwendo huo. Karibu kila mwaka hutoka kizazi kipya, na kila kizazi kipya huja na matangazo ya kumfanya mtu aone haya kutumia cha jana.

Lakini prosesa haifanyi kazi peke yake. Kuna memori, ambayo ni meza ya kazi: kadiri meza ilivyo pana, ndivyo makaratasi mengi yanavyoweza kufunguliwa kwa pamoja. Kuna diski, ambayo ni ghala, mahali madaftari yanapolala umeme ukizimwa. Prosesa ni karani aliyekaa mezani. Karani akiwa hodari namna gani, ghala likiwa mbali na njia mbovu, atakaa akingoja faili.

Waliofanya kazi katika kiwanda cha chai watalielewa hili haraka kuliko mimi. Majani hunyaushwa kwanza, kisha hukatwa na mashine ya CTC, kisha huachwa yachache, kisha hukaushwa, kisha huchekechwa. Meneja akinunua CTC yenye nguvu mara mbili, na vitanda vya kunyaushia vikabaki vile vile, chai itakayotoka jioni haitaongezeka. Mashine mpya itasimama ikingoja majani, na mkopo wa benki utaendelea kulipwa.

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta nyingi za matawi yetu. Katibu hulalamika kwamba mashine ni nzito: anaiwasha, anakwenda kunywa chai, anarudi, bado inazunguka. Muuzaji husema prosesa imezeeka. Fundi mwaminifu akiifungua hukuta diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na mkono mdogo ukitafuta habari juu yake kama mtu anayetafuta jina katika vitabu vya stoo. Hukuta pia memori ya 4GB tu. Diski hiyo ikibadilishwa kwa ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na memori ikaongezwa kufika 8GB, mashine ile ile na prosesa ile ile huwa kama nyingine. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Ushauri wangu ni kwamba tawi lisinunue kompyuta mpya kwa sababu ya uzito peke yake kabla ya kujaribu dawa hii kwenye mashine moja.

Vizazi navyo havilingani. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 zilikaribiana sana. Aliyetoka moja kwenda nyingine alilipa kwa kupata kidogo. Kizazi cha 8, kilichoanza kutoka Agosti 2017, kilikuwa hatua ya kweli. Prosesa ya laptopu iitwayo i5-7200U ilikuwa na viini 2 vya kufanyia kazi. Iliyoifuata, i5-8250U, ina viini 4. Hiyo ni sawa na kuwa na makarani wanne pale walipokuwa wawili. Kumbukeni hicho kizazi cha 8, maana kinarudi.

NINI KILITOKEA OKTOBA 2025

Maneno ya wauzaji si uongo mtupu. Kampuni ya Microsoft ya Marekani, inayotengeneza programu ya Windows inayoendesha kompyuta nyingi za ofisi, iliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Programu hiyo ilikuwa imetoka mwaka 2015. Anayetaka kuendelea ameambiwa ahamie Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, na hapo ndipo mlango unapofungwa: Windows 11 haikubali rasmi kila mashine. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, memori isiyopungua 4GB, diski isiyopungua 64GB, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo huanza kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kabla yake. Kwa kampuni ya AMD, huanza zaidi na Ryzen za mfululizo wa 2000.

Kwa maoni yangu mpaka huo uliwekwa kwa faida ya wauzaji kama ulivyowekwa kwa ajili ya usalama. Prosesa ya kizazi cha 7 ina nguvu tele za kuandika barua na kutunza hesabu ya SACCO. Lakini mpaka umeshawekwa, na sisi hatukuwa mezani ulipojadiliwa.

Je, Windows 10 ilikufa siku hiyo? Hapana. Kompyuta ziliwaka asubuhi yake kama kawaida na madaftari yote yalikuwamo. Kilichokoma ni marekebisho. Wezi wa mitandao hutafuta matundu katika programu kila siku, na kampuni huziba matundu hayo kwa kutuma marekebisho. Yasipokuja, tundu likipatikana linabaki wazi. Ni kama ghala la mbolea ambalo askari wake ameondolewa: milango bado imefungwa, lakini hakuna anayepita usiku kuangalia kama bawaba imelegea.

Hatari hiyo imeshaonekana. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa siku chache, vikifunga mafaili na kudai fedha ili kuyafungua. Katika hospitali za serikali za Uingereza, miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilifutwa. Marekebisho ya kuziba tundu lile yalikuwa yameshatolewa na Microsoft mwezi Machi, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizopatwa zilikuwa za Windows 7 ambazo hazikuwa zimeyapokea. Tazameni vizuri: kilichowaponza hakikuwa udogo wa prosesa, bali kutokuwa na marekebisho. Muuzaji huchanganya mambo haya mawili kwa makusudi.

KUJUA MASHINE YENU NI YA KIZAZI GANI

Kabla ya mkutano wowote, katibu aketi mbele ya kila kompyuta, abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, aandike msinfo32, kisha abonyeze Enter. Utatokea ukurasa wenye mstari wa Processor. Aandike namba yote iliyopo. Ikiwa ni i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, kwa hivyo ni kizazi cha 6, na Windows 11 haitaikubali. Ikiwa ni i5-8250U, ni cha 8, na itaikubali endapo mengine yapo. Ikiwa namba ina tarakimu tano, kama i7-10510U, basi zile mbili za kwanza ndizo kizazi, yaani cha 10. Tangu mwisho wa mwaka 2023 Intel imeanza pia majina mapya ya Core Ultra, lakini hayo hamtayakuta kwenye mashine kongwe.

Jihadharini na neno "i7". Katika maduka ya mjini utaambiwa, "Mzee, hii ni i7, hakuna kama hii," na bei inapanda. Nayo ni i7 ya kizazi cha 4. Namba ya i3, i5 au i7 ni cheo ndani ya kizazi chake, haikwambii umri. Sajini aliyestaafu bado ni sajini, lakini hayumo kazini. Soma kinachofuata kistari.

NJIA ZILIZOPO

Mashine ya kizazi cha 8 na kuendelea haihitaji kubadilishwa. Kuhamia Windows 11 kutoka Windows 10 halali hakulipiwi. Mnacholipa ni bando la intaneti na pengine fundi. Tawi lenye mashine za namna hii likiletewa bajeti ya kununua mpya, liulize kwa nini.

Kwa mashine za kizazi cha 7 na chini, Microsoft huuza marekebisho ya nyongeza. Kwa kompyuta za nyumbani mpango huo ulitangazwa kuwa wa mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa kampuni na vyama bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka: 122, kisha 244. Anayelipa miaka yote mitatu atakuwa ametoa dola 427 kwa mashine moja, na mwishoni bado ana mashine ile ile. Sioni tawi letu lolote ambalo hesabu hiyo inalifaa, labda kwa mwaka mmoja tu wa kujipanga.

Njia ya pili ni kuondoa Windows na kuweka Linux, programu isiyouzwa, inayotunzwa na watu wa nchi nyingi. Aina kama Ubuntu na Linux Mint huenda vizuri kwenye prosesa za zamani, na hupata marekebisho. Barua na hesabu huandikwa kwa LibreOffice, ambayo nayo ni ya bure na hufungua mafaili mengi ya Word na Excel. Shida yake ni mbili. Programu ya hesabu ya SACCO, ikiwa ilinunuliwa kwa ajili ya Windows, huenda isifanye kazi humo. Ulizeni aliyewauzia kabla ya kugusa kitu. Na katibu aliyezoea upande mmoja atahitaji wiki kadhaa za kujifunza, naye apewe hizo wiki bila kelele. Kwa kompyuta ya kuandikia barua na kuingia kwenye intaneti, hii ndiyo njia ambayo mimi ningeijaribu kwanza.

Wapo mafundi wanaotia Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokubaliwa. Huwaka, na wateja hufurahi. Microsoft yenyewe imesema mashine za namna hiyo hazina haki ya kupata marekebisho. Kwa hivyo unaweza kulipa fundi ukabaki pale pale ulipokuwa, ila sasa hujui. Kwa daftari la akiba za watu, hapana.

Njia nyingine ni kununua mtumba mzuri. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani huuza kompyuta zao baada ya miaka michache, na nyingi za kizazi cha 8 na cha 10 zinapatikana kwa bei iliyo chini sana ya mpya. Msinunue kwa kuangalia ganda. Soma namba ya prosesa dukani, iwashwe mbele yenu, betri ijaribiwe bila waya, na risiti iandikwe namba ya mashine na muda wa dhamana. Kwa sababu umeme wetu hukatika, napendelea laptopu kuliko ya mezani, hata ikiwa prosesa yake ni dhaifu kidogo. Yenye betri nzima humaliza ukurasa. Ya mezani huzimika katikati ya hesabu.

Wengine wameuliza kama prosesa peke yake inaweza kuchomolewa na kutiwa mpya, kama vile tunavyonunua injini Kisekka tukaifunga kwenye lori lile lile. Kwa laptopu nyingi za kisasa haiwezekani, maana prosesa imechomelewa kwenye bodi. Kwa zile za mezani huchomoka, lakini soketi hubadilika: prosesa za Intel za kizazi cha 8 hazikukubaliwa na bodi za kizazi cha 6 na cha 7, ingawa matundu yalionekana sawa. Ukibadilisha bodi, pengine na memori hubadilika. Mwishowe umenunua kompyuta nzima vipande vipande, na kwa bei ya rejareja.

Na msidhani kilicho kipya kabisa ndicho salama. Mwaka 2024 prosesa kadhaa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikutwa na kasoro ya umeme iliyozifanya zizimike ovyo na kuharibika. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ililazimika kutoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Walioumia ni wale waliokimbilia cha juu. Siku hizi pia kuna kompyuta zinazotangazwa kuwa na akili bandia ndani ya prosesa. Ofisi inayoandika orodha ya ada na mihutasari ya mikutano haina kazi ya kuzipa.

MWAJIRI ANAPOBADILISHA ZAKE

Mpaka huu wa Windows 10 uliwakuta waajiri pia, na kompyuta za mizani na za mishahara zinabadilishwa viwandani na mashambani. Hapo wajumbe wa tawi wawe macho kwa mambo mawili.

La kwanza ni kilo. Mashine mpya haisahihishi kilo zilizoandikwa vibaya mizanini. Huzijumlisha makosa yake upesi zaidi. Siku za kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine ndizo siku ambazo majina hupotea, siku za likizo hufutika, na makato huandikwa mara mbili. Daini orodha ichapishwe kabla ya kuhama na baada ya kuhama, na kila mfanyakazi aweke karatasi zake za mshahara za miezi hiyo. Mtazame na makato ya NSSF: asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri.

La pili ni kazi. Karani wa mizani akiambiwa kwamba mashine mpya haimhitaji, tawi liombe mazungumzo kabla na si baada. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mwajiri anayekusudia kuondoa watu wasiopungua 10 katika muda usiozidi miezi 3 kwa sababu za uchumi au za mitambo, ni lazima awape wawakilishi wa chama habari na amjulishe Kamishna wa Kazi. Wakiondolewa watatu leo na wanne mwezi ujao na watatu mwezi wa tatu, hesabuni.

MADAFTARI NA MASHINE KUUKUU

Lile tishio la kupoteza madaftari lina jibu lake, nalo si prosesa. Diski yoyote hufa siku moja, mpya kwa kuukuu. Nakala ya daftari itunzwe mahali pawili, mojawapo nje ya ofisi, na mtu atajwe kwa jina katika mihutasari kwamba yeye ndiye anayeifanya kila Ijumaa. Kompyuta ambayo bado ina Windows 10 isiyo na marekebisho inaweza kutumika kama mashine ya kupiga chapa, mradi isiunganishwe na intaneti kamwe na isichomekwe flashi za kila mpitaji.

Mashine zitakazoondolewa zisiuzwe wala kugawiwa na diski zake kabla ya kufutwa kabisa na fundi, na kwa daftari la SACCO ni heri diski itolewe na kutobolewa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayetunza habari za watu kuzilinda. Majina, namba za vitambulisho na mikopo ya wanachama haviwezi kukutwa sokoni ndani ya kompyuta ya mtumba. Wala msichome nyaya na bodi nyuma ya ofisi ili kupata shaba. Zina risasi na sumu nyingine, na moshi wake huingia katika nyumba za kambi.

Kila katibu wa tawi aandike katika karatasi moja namba ya prosesa ya kila mashine, ukubwa wa memori, kama diski ni ya kuzunguka au SSD, na kazi inayofanywa kwa mashine hiyo. Nakala ibandikwe ubaoni penye ratiba ya zamu ili wanachama waisome, na nyingine iletwe Kampala pamoja na bei zisizopungua tatu kutoka maduka tofauti. Ofisi haitajadili ombi lolote la kununua ambalo halina karatasi hiyo.